Nafasi ya Kidole Kimoja

Jumatatu, 3 Februari

Miaka ishirini na tisa na siku kumi na moja. Nahesabu tangu nilipovuka mpaka, si tangu nilipotoka nyumbani. Kati ya siku hizo mbili kuna majuma matatu ambayo siyahesabii popote.

Fomu iko mezani tangu Alhamisi. Kurasa mbili, maswali kumi na manne. Ofisi ya wanaorejea itafunga orodha Ijumaa tarehe 21, saa kumi jioni. Magari yataondoka mwanzo wa mwezi ujao. Nimejaza jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi ya zamani: msahihishaji katika kiwanda cha chapa. Miaka kumi na minane nikisaka makosa ya watu wengine! Nimefika swali la tisa. Je, una mahali pa kulala utakapofika? Nikainuka. Nikakaa. Nikainuka tena, nikaenda maktaba.

Pale maktaba ya chuo wananiachia nisome magazeti kwenye kona ya dirisha. Kiti changu cha pale ni cha mbao, kikalio chake cha kamba. Majuzi kilianza kukatika. Sikumwambia mtu. Nilikuja na kamba mfukoni nikakisuka upya kwa siku tatu, kidogo kidogo, gazeti limefunika mapaja kama mtu anayeficha wizi. Leo mwanamke mmoja, miwani juu ya kichwa, amekipindua kiti na kukitazama chini. Mhadhiri wa uhandisi. Nimejifunza wapi haya? Nikasema kwa baba yangu, msokota kamba. Akasema ana wanafunzi watatu wanaotaka kubuni kitanda cha wagonjwa bila chuma wala plastiki, kwa ajili ya zahanati moja hapa mjini, na hakuna hata mmoja anayejua kufunga fundo. Nije Jumatano?

Nikamwambia nitafikiria. Nimeshafikiria. Naenda.

Jumatano, 5 Februari

Karakana ya chuo. Sakafu ya saruji, meza ndefu nne, harufu ya gundi. Feni moja inazunguka kama inayolazimishwa.

Wanafunzi watatu. Binti mwembamba mwenye daftari na rula, anapima kila kitu, hata nilipoketi alinitazama kama anayekisia urefu wangu. Nimemwita Kipimo moyoni, kisha ulimi ukaniponyoka, akacheka, jina limekaa. Wa pili ni kijana anayesinzia akiwa amesimama. Wenzake wanamwita Betri, kwa kuwa kila saa chaji imeisha, ya simu na ya mwenyewe. Wa tatu huanza kila sentensi na "kimsingi." Huyo wanamwita Mheshimiwa.

Wamechora kitanda kwenye kompyuta. Kizuri! Kinazunguka hewani kama sayari. Mbao za upande wameziandika A na B, za kichwani na miguuni C na D. Nikawaambia hizo za upande zina jina: mifumbati. Za kichwani na miguuni: vitakizo. Miguu ni matendegu. Mheshimiwa akasema kimsingi herufi ni rahisi zaidi. Kipimo akafuta herufi.

Nilidhani nitaona fahari. Nimeona kiu tu. Nilikuwa sijayatamka maneno hayo mbele ya mtu kwa muda gani? Binti yangu hayajui. Kitanda chake kimetoka dukani ndani ya sanduku la karatasi, na skrubu moja ilibaki.

Ijumaa, 7 Februari

Tumewamba kitanda. Kamba ya katani, mita mia na arobaini, nimekagua kila pima kwa vidole. Nimewaonyesha jinsi ya kuvuka, juu mbili chini mbili, na jinsi kamba ya miguuni inavyoachwa peke yake ili kitanda kikazwe baadaye. Betri aliamka kabisa. Ana mikono mizuri yule, mikono ya mtu mvivu—haina papara.

Halafu nikafika penye siri ya baba. Usivute hadi mwisho. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya kamba na mkono unaovuta. Hewa itaimalizia. Katani hunywa unyevu, ikivimba hujifupisha, asubuhi ya tatu kitanda kinalia kama ngoma. Ukivuta hadi mwisho leo, kesho hewa itavuta zaidi, na mbao zitapasuka.

Kipimo akainua mkono kama yuko darasani. "Babu, hewa ipi?"

Nikamwambia hewa, mjukuu wangu, hii tunayovuta.

Akaniletea kijidude cheupe chenye namba, kinapima unyevu. Akasema hewa ya mji huu ni kavu, kwa mwezi huu ndiyo kavu kuliko yote, haitaikaza kamba. Tuvute hadi mwisho.

Nikasema kwetu tunaacha kidole kimoja.

"Kwetu wapi, Babu?"

Aliuliza kwa heshima. Hakuwa na neno. Lakini nilimjibu vibaya—nikamwambia nimewamba vitanda kabla mama yake hajazaliwa. Wakaacha kidole kimoja. Cha kwangu, kwa vile ndicho kinene.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimepita mbele ya ofisi ya wanaorejea mara mbili. Mara ya pili mlinzi akanisalimia kama watu tunaojuana.

Jumapili, 9 Februari

Dada yangu mdogo kapiga simu, kama kila Jumapili. Ana miaka sitini na sita na bado ananiita kaka kwa sauti ile ile ya kuomba abebwe. Nimemsimulia karakana. Amecheka hadi akakohoa. Wahandisi wanafundishwa kitanda! Na kesho watafundishwa kulala?

Nikamuuliza, baba alikuwa akiacha vidole vingapi?

Kimoja, akasema. Lakini mimi siachi hata nusu.

Huachi wapi?

Kwenye kitanda chako, kaka.

Sikuelewa. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Kitanda changu kiko chumba cha nyuma. Kamba za baba zilioza mwaka wa tatu. Amekiwamba upya mara sita. Kila Ijumaa, saa tisa alasiri, akishaosha vyombo, anaingia na kukikaza. Kila Ijumaa! Mtu hajui kaka yake atarudi lini, si aibu akute kitanda kimelegea?

Nimezidisha mwenyewe baada ya simu. Ijumaa elfu moja na mia tano na zaidi. Mara nyingine nilikuwa nikicheza bao siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Nimechukua kalamu, swali la tisa. Nimeandika: Ndiyo. Kitanda kipo, kimekazwa.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya jaribio. Aibu!

Sharti la zahanati: mifuko ya mchanga ya kilo mia na hamsini, usiku kucha, na kitanda kisibonyee zaidi ya sentimita nane. Waliipanga jana jioni. Leo saa mbili asubuhi Kipimo akapiga magoti na rula yake. Kumi na tatu.

Hewa haikumalizia chochote. Kamba zimeachama vile vile, na kile kidole changu kimezidishwa kwa kila mzunguko—kidole mara thelathini na nane, jumla yake ni shimo. Mfuko wa katikati ulikuwa umezama kama kiboko.

Mhadhiri akauliza nani aliamua kuacha nafasi. Mheshimiwa akafungua mdomo: kimsingi—. Kipimo akamkata. Akasema, "Sisi sote."

Nilipaswa kusema ni mimi. Nimechelewa sekunde moja, na sekunde hiyo imenifuata hadi nyumbani.

Jumatano, 12 Februari

Sijaenda. Nimepanga vitabu. Nimevipangua.

Nimesoma fomu toka mwanzo, kwa jicho la kazi. Hakuna kosa. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda. Nimesema mbele ya mhadhiri na mbele yao: kidole kilikuwa changu. Mhadhiri akasema anajua, ni wahandisi gani wa umri ule wangebuni kosa lenye adabu hivyo. Wakacheka. Nami.

Kipimo kanieleza alichofanya jana. Amekata vipande vya kamba ile ile, urefu mmoja. Kimoja amekiweka chumba cha mvuke cha maabara, kingine ameacha mezani. Cha mvuke kimejifupisha, kama nilivyosema! Cha mezani hakikusogea. "Babu, hukukosea kuhusu kamba. Ulikosea kuhusu mji." Kisha akaona uso wangu, akaongeza haraka kwamba ni kwa mujibu wa vipimo tu.

Miaka ishirini na tisa navuta hewa hii. Ngozi ya visigino inajua, napaka mafuta kila asubuhi. Sanduku nililokuja nalo lilipasuka ubavu mwaka wa kwanza, nikaliziba, halijapasuka tena. Mikono ndiyo haikuambiwa. Mikono bado ipo kule, kwenye ukungu wa asubuhi.

Tumekaza upya, hadi mwisho. Betri akajilaza kujaribu, akalala kweli. Tumemwacha saa nzima na kuandika: mzigo hai, kilo sitini na mbili, unakoroma. Sentimita nne!

Ila leo jioni, kabla ya kuondoka, Kipimo amepima tena bila mtu juu. Kamba imelegea kidogo. Nikamwambia hiyo si hitilafu. Kitanda cha kamba hukazwa, ndivyo kilivyo. Ameandika, kisha akauma kalamu. Ripoti ina ukurasa wa matengenezo, na wanaosifiwa ni wale wanaoandika pale: hakuna.

Jumapili, 16 Februari

Simu imepigwa mapema. Si mdogo wangu. Ni binti yake, mjane, aliyerudi kwa mama yake na watoto wawili mwaka juzi. Alinong'ona.

"Mjomba, usimwambie nimekuambia."

Mama yuko uani. Vidole vya mama vimevimba, vimepinda, asubuhi hashiki kikombe. Lakini Ijumaa haachi. Anazungusha kamba kiganjani, anaweka mguu mmoja kwenye kitakizo, anavuta, anatoka chumbani machozi yanamlengalenga na kusema ni vumbi. Wakimwambia wamsaidie anafukuza. Hamjui kuvuta, anasema. Na anavuta kupita kiasi, mjomba. Masika yaliyopita mvua zilipoanza, mfumbati mmoja ulipasuka wenyewe adhuhuri, tukadhani ni risasi.

Nikamuuliza, nani analala pale?

Hakuna. Mjomba, hata kukaa hatukai. Mwanangu mdogo aliwahi kupanda kurukaruka, alichapwa. Tunalala mkekani, watatu.

Kisha sauti ikabadilika ghafla, ikawa ya furaha mno: "Haya mjomba, huyu hapa mama!" Na mdogo wangu akaja, akanipa habari za wote, akauliza kama wahandisi wameshajua kulala. Akasema: kaka, wametangaza redioni kuhusu magari. Nikasema nimesikia. Akasema basi. Basi tu. Lakini alilivuta lile basi.

Nimeshindwa kukaa. Nimetembea hadi kituo cha treni na kurudi bila sababu. Baba alikuwa akisema kitanda kisicholaliwa hufa, kamba hukakamaa, huota vumbi, hukatika mahali ambapo hakuna aliyekalia. Alisema hivyo kuwauzia watu kamba. Ila alisema.

Jumatano, 19 Februari

Wamewasilisha kazi yao. Ukumbi mdogo, watu kama ishirini, muuguzi mkuu wa zahanati safu ya mbele, mikono imekunjwa.

Mheshimiwa alizungumza vizuri, kimsingi mara sita tu. Mbao, katani, gundi hakuna, msumari hakuna. Kamba ikichoka, unaitoa, unaitupa shambani, unawamba nyingine. Wakapiga makofi. Kisha mhadhiri akauliza swali alilokuwa amelificha tangu mwanzo: hiki kitanda kinalegea kila baada ya siku saba. Nani atakikaza?

Mheshimiwa alitazama dari.

Kipimo akasimama. Akasema walitafuta njia ya kuiondoa kazi hiyo. Springi, kabari, hata kamba ya nailoni, na kila njia ilileta kitu kitakachobaki jalalani miaka mia. Ndipo wakaacha kutafuta. Wameandika ukurasa wa matengenezo hivi: mtu mmoja, dakika kumi, kila juma. Akasema walidhani malighafi ni mbao na katani. Walisahau ya tatu. "Kitanda hiki kinahitaji mtu. Asipokuwepo mtu, kisitengenezwe."

Betri akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kinahitaji pia mtu wa kukilalia. Watu wakacheka, alikuwa na sura ya usingizi. Lakini alisema kweli. Wamepima: kinacholaliwa kila siku hukaa sawa kuliko kinachokazwa na kuachwa.

Muuguzi akakunjua mikono. Sisi tunageuza watu wazima kilo mia, alisema, itatushinda kamba? Leteni viwili, tuvipe mwezi. Kimoja kiwe tayari Ijumaa.

Nilikuwa nimekaa nyuma. Nimeshika kingo za kiti. Asipokuwepo mtu. Mtoto wa miaka ishirini na mmoja ameniambia jambo hilo na hajui ameniambia.

Alhamisi, 20 Februari

Binti yangu ametoka kazini, amekaa ukingoni mwa kitanda changu cha skrubu. Ameiona fomu. Imejaa yote isipokuwa sahihi.

"Baba, siwezi kukwambia baki. Ukija kujuta utasema ni mimi. Na nenda pia siwezi."

Nikamuuliza basi unaweza nini.

"Chai naweza."

Akapika. Tukanywa. Nimemsimulia kuhusu shangazi yake na kitanda, mara ya kwanza. Alilia kidogo, kisha akauliza swali la kikazi—yeye ni karani wa mahakama—je, shangazi anasubiri wewe, au anasubiri kuambiwa aache kusubiri?

Nimemwambia hilo ni swali la watu wenye elimu. Akasema amelipata kwangu.

Nimewaza usiku—hapana, sikuwaza, nilihesabu tu. Nikirudi, nitalala kwenye kitanda kile. Watatu watabaki mkekani. Nitakuwa mzee wa miaka sabini na tatu anayeachiwa kidole kimoja kila mahali: kwenye mlango, kwenye maneno, kwenye majina ya watu waliokufa. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wanasema. Hapa walinipa jembe. Limeisha mpini mikononi mwangu. Kule ningekuwa mgeni wa siku ya kwanza, tena kwa dada yangu.

Na yeye angeendelea kukaza. Namjua. Hata nikiwa nimelala juu yake.

Ijumaa, 21 Februari

Saa nane. Stoo ya karakana, juu ya kreti. Fomu imo mfukoni, imekunjwa mara nne. Ofisi iko mwendo wa robo saa. Miguu inataka kwenda kuliko mimi.

Upande wa pili wa ukuta wanawamba kitanda cha zahanati. Namsikia Kipimo anamfokea Betri avute hadi mwisho. "Hadi mwisho! Hapa si kwao Babu!" Kisha kwa sauti ya chini: "Yumo stoo?" Halafu kicheko cha kuzibwa na kiganja.

Sikuudhika. Nimejishangaa.

Saa nane na nusu. Nimewakagulia. Wameiva. Mahali pamoja tu wamevuka juu tatu badala ya mbili, nimewaachia wapaone wenyewe. Kipimo aliniuliza, kwa nini baba yangu hakuandika popote ile habari ya kidole? Nikasema hakuwa na haja. Aliowafundisha wote walivuta hewa moja. Aliandika hilo pia, binti huyu! Kisha akauliza, na vipimo vya unyevu wa kule navijua? Angependa kukokotoa kidole kimoja ni sahihi kwa wapi hasa. Nikamwambia nitamuuliza mtu anayeishi kule.

Mtu anayeishi kule. Nimelisema bila kujikwaa.

Saa tisa kasoro tano. Nimepanga maneno. Yasiwe mengi. Mdogo wangu, usikaze leo. Mwite mwanao achukue wanawe, walale pale, wote watatu, waruke wakitaka. Masika yakija acha kidole kimoja, baba alikuwa sahihi, ni mimi niliyekipeleka mahali pasipo pake. Na vidole vyako vitie kwenye maji ya moto. Si kwamba sikupendi. Hilo la mwisho sitaweza kulisema, nitauliza habari za mvua badala yake.

Kisha jibu lenyewe kuhusu magari. Neno moja. Nimelisahihisha mara nyingi kichwani na halina kosa.

Saa tisa kamili. Nimepiga. Simu inaita. Inaita hadi inakatika yenyewe.

Saa tisa na dakika nne. Inaita. Namwona—mguu kwenye kitakizo, kamba imezunguka kiganja mara mbili, meno yameumana. Simu iko dirishani, inalia, na yeye hawezi kuachia. Akiachia sasa, mizunguko yote inarudi. Anasema moyoni, subiri kidogo, nani huyo, subiri, namkazia kaka.

Saa tisa na dakika tisa. Betri amechungulia mlangoni: Babu, gari la zahanati limefika, unakuja? Nimemwonyesha simu sikioni.

Inaita.

Sitarudi.